Mchanga wa Wageni

Agadesi, Jumamosi

Kwa dada yangu Raishatu,

Pokea salamu zangu, za Mariama mke wangu, na za ngamia aliyebaki. Goti lako linaendeleaje huko Arliti? Sisi tu wazima, ila nina wajibu mzito wa kukutangazia, wewe ukiwa mkubwa wa ukoo, kwamba paka asiye na mwenyewe amekunya katika chumba chetu cha wageni mara tano.

Usicheke. Jana Ijumaa ndipo wazee wa Ingali walikuja kumposa binti yetu Tanelher, kwa ajili ya yule yule kijana ambaye jirani yetu Asalama alimtaka kwa binti yake. Tangu Jumapili nilikisafisha chumba, nikamwaga sakafuni mchanga mpya wa mto mkavu, mzigo wa punda wawili. Asubuhi nikakuta kishimo kimechimbwa na kufukiwa kwa adabu, na harufu ya kumfukuza shetani. Nikautoa wote, nikaleta mwingine laini zaidi. Akarudi. Nikauchekecha kwa chekeche la unga la Mariama, jambo ambalo hadi leo hajui. Akarudi na mwenzake! Nikanyunyiza pilipili, aliyepiga chafya ni mimi. Mariama akasema labda paka ananipenda.

Nikachunguza, kama nichunguzavyo saa mbovu za watu. Kwa Asalama, ukuta mmoja tu kutoka kwetu, paka huyo hajawahi kunya hata siku moja. Ushahidi gani tena?

Basi jana wakaja. Mzee Efadi, ami wa yule kijana, akaketi mchangani, akaanza kunena huku kidole kikichora chini, kama wanenavyo wazee wetu wote. Dada, sijawahi kuutazama mwezi wa Idi kama nilivyokitazama kidole kile. Kikachora ngamia wa mahari wa kwanza. Kikachora wa pili. Kwenye wa tatu kikazama.

Mzee akakinusa. Nyuma ya pazia Tanelher akaanza kulia. Mzee akatazama paa, akasema, "Huyu wa tatu naona alikufa zamani. Tuseme wawili."

Nikakubali kabla hajafuta kidole! Chumba kizima kikaangua kicheko, mwanetu akafuta machozi, na harusi ni mwezi ujao. Njoo, dada, njoo!

Lakini kuna neno sijakuambia. Alhamisi nilipanda juu ya ukuta, mtaa mzima ukisikia, nikamwita Asalama mchawi anayetuma paka avunje posa. Akanijibu, "Baba Tanelher, shuka usije ukavunjika. Ningekuwa na uwezo wa kutuma paka, si ningemtuma sokoni?" Na leo asubuhi ndiye wa kwanza aliyekuja kutupongeza, na bakuli la tende. Wewe ndiye shoga yake wa kusukana nywele tangu utotoni. Wahi uniombee radhi, maana mimi uso sina.

Msalimie shemeji na watoto, na wote wanaouliza habari zetu.

Mdogo wako,
Ghumuri

Nimeifungua tena barua. Asalama ameniita kunywa chai, mara yangu ya kwanza kuingia kwake tangu ajenge upya. Sakafu yake ni ya saruji.