Kwa Mwanetu Fundi Taratibu, Aliyetutoka Chini ya Plau

Mwaka umetimia leo, mwanetu, tangu plau ya trekta ikuangukie hapa uani, saa saba mchana, chakula kikiwa mezani. Waliokuja kutushika mkono siku ile walikuwa wengi. Tunakukumbuka mbele yao hapa gazetini, na lipo neno juu ya mdogo wako ambalo lazima lisemwe mbele yao vilevile, kwa kuwa lawama aliyotwishwa waliiona kwa macho yao.

Walikuita Taratibu, na si wote waliokuwa wanakusifu. Mtu shamba lake linangoja, trekta imegoma kunyanyua plau, nawe umejiinamia na kiganja juu ya bomba kama mkunga.

"Fundi, umelala?"

"Nasikiliza."

"Haya, inasemaje?"

"Inasema mwenyewe hajaipa mafuta tangu mwaka juzi."

Ulikuwa na utaratibu wako na hukuuacha kwa maneno ya mtu. Mikono ya nyuma inayobeba plau ikikataa kupanda, tazama mafuta kwanza. Kisha chujio. Hapo ndipo uifikirie pampu. "Pampu inasingiziwa sana," ulikuwa unasema. Yule mama mwenye shamba la bondeni aliambiwa kwingine kwamba pampu yake imekufa kabisa. Wewe ukatoa chujio limejaa tope, ukaliosha kwa dizeli mbele yake, ukarudisha, plau ikapanda. Machozi yakamlengalenga. Ukamwambia, "Usilie hapa, dada, utaniingizia maji kwenye mafuta." Mpaka leo akipita njiani hutuulizia hali zetu, nyumba nzima, mmoja mmoja.

Ulikuwa ukiingia ndani umenyoosha viganja mbele, kama aliyebeba mtoto, mkeo akufungulie bomba usije ukagusa kitu kwa grisi. Unanawa mara tatu. Binti zako wawili wanakunusa vidole na kutoa hukumu: "Bado, baba. Rudi." Nawe unarudi.

Kikongwe, trekta aliyoiacha marehemu baba yenu, ilikuzidi umri. Ukiwa na kazi za watu kumi, bado ulikuwa ukiipa Jumamosi yake. Mwaka jana ikaingiwa na kwikwi. Injini ikiunguruma plau inapanda, inatulia, kisha inashuka kidogo na kurudi juu yenyewe. Inashuka, inarudi. Ulibadilisha mafuta, ukaosha chujio, pampu ukaikuta nzima. Ukatuambia, "Mafuta yanapenya ndani ya silinda. Injini ikiwa hai, pampu inajaza kilichopotea. Ndiyo maana inadundadunda."

Siku zote uliweka magogo mawili chini ya plau kabla ya kuinama. Siku ile hukuyaweka. Tumesikia wanaosema ulizembea, na si kweli. Ulikuwa unahesabu: inashuka baada ya muda gani, inarudi baada ya muda gani. Penye gogo plau haishuki, na isiposhuka huna cha kuhesabu. Mdogo wako alikaa kwenye kiti cha dereva.

"Usiguse kitu," ukamwambia.

"Hata kujikuna?"

"Jikune taratibu."

Nililisikia hilo mimi mama yako, dirisha la jikoni liko hatua kumi tu kutoka hapo. Nilikusikia ukicheka. Kisha ukaingia chini kuangalia kama mafuta yanavuja kwa nje pia. Injini ikazimwa, na plau ikaja chini yote kwa mara moja.

Waliofika, mdogo wako aliwaambia neno lilelile kila mmoja: "Nilizima mwenyewe. Sikutazama nyuma." Hakuongeza na hakupunguza. Mkeo akamwambia asikanyage tena ua huu. Maneno yakazuka, watu wakasema alikuwa ameikodolea macho trekta ya baba siku nyingi. Baada ya arobaini aliondoka na begi moja, akaenda kubeba mbao kwenye kiwanda cha mbali. Simu hapokei.

Wiki mbili zilizopita tulimwita fundi wa mashine ya kusaga, yule mtani wako aliyekuwa akisema ukifa utachelewa hata kuzikwa. Alipoiona Kikongwe hakutania. Alikuja kuifungua, tujue kama italima au itakatwa iwe vyuma chakavu. Alitusogeza wote mpaka ukutani. Akainyanyua plau, chini yake patupu, injini ikinguruma, na kwikwi ikaanza kama ulivyoiacha. Kisha akaizima. Alianza kuhesabu kwa sauti, na kabla hajafika nne plau ilikuwa imezama kwenye udongo.

Alifungua silinda pale pale. Mpira unaoizunguka pistoni ulikuwa umekatika, na ukuta wa silinda umechimbika mfereji unaoingia ukucha. Akatuonyesha.

"Taratibu alikuwa sahihi," alisema. "Alibakiza kufungua tu. Lakini trekta yenye ugonjwa huu haizimwi plau ikiwa juu, hata mtu akupigie magoti. Ilikuwa haraka ya nini?"

Binti yako mdogo akamjibu kabla ya mtu mzima yeyote.

"Haikuwa haraka. Bibi akiita chakula, injini inazimwa. Ndiyo desturi."

Ndiyo desturi, na aliyeiweka ni mimi. Niliiweka baba yenu akiwa hai, nilipochoka kula huku sahani zinatetema mezani. Nikiita, aliye karibu na kizimio anakivuta, wengine wanakwenda kunawa. Miaka thelathini hakuna aliyeuliza kwanza, kwa kuwa miaka thelathini magogo yalikuwepo, au hapakuwa na mtu chini.

Siku ile niliita. Nilisema, "Zimeni hilo dude, chakula kinapoa." Nilisema mara mbili. Wewe hukusikia, masikio yako yalikuwa kwenye plau. Mdogo wako alisikia, akamtii mama yake.

Mwanangu, nimekaa na neno hilo mwaka mzima. Mwanzo nilijiambia labda hakunisikia, labda alizima kwa sababu zake. Baadaye nikajiambia kaburi halifukuliwi, kusema kutamrudisha nani. Lakini nilijua. Asubuhi aliyoondoka aliniita nyuma ya nyumba, akanishika mikono yote miwili. "Mama," akaniambia, "wewe siku ile hukuita. Umenisikia? Hukuita kabisa." Nikamjibu nimesikia. Nikamwacha aende.

Maji yaliyomwagika hayazoleki, nami sikuandika niyazoe. Nimeandika kwa sababu mtoto wa miaka saba alisema kwa pumzi moja jambo ambalo mimi mwenye mvi lilinikaa kooni mwaka mzima.

Nilimwendea mkeo kabla fundi hajamaliza kukusanya spana zake. Alikuwa anaanua nguo. Nilimwambia yote, pamoja na ya nyuma ya nyumba. Alikunja shati la mtoto, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwaka mzima tunakula sahani moja, mama."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nikimlaani shemeji yangu, unanisogezea mboga."

Hakupaza sauti. Tangu siku hiyo ananisalimia asubuhi, ananiwekea maji ya kuoga, shikamoo yake iko palepale. Lakini chakula anakula na binti zake, na changu ananiletea kimefunikwa. Sina cha kumdai. Amenitendea wema kupita nilivyomtendea.

Kwa hiyo, mwanetu, mbele ya waliokuzika, tunasema: mdogo wako hana hatia ya kifo chako. Hakukuonea wivu wala hakuzembea. Alifanya lile ambalo mama yake alimzoeza tangu miguu yake haijafika chini akiwa kwenye kiti hicho. Kisha akabeba mzigo wangu akaenda nao mbali, ili nibaki na heshima yangu. Aliyemsema vibaya amfute kinywani. Na kama gazeti hili litafika huko kwenye mbao, ajue kwamba mkeo mwenyewe ametoa magunia kwenye chumba cha shemeji yake na kutandika kitanda. Hakutumwa na mtu.

Wewe ulikuwa mwana mwema, mume mpole, baba anayetumwa na watoto wake akatumika. Wapo wanaolima leo kwa trekta ulizozifufua. Kikongwe imewekwa mpira mpya. Plau inapanda na kukaa. Hakuna kwikwi, na hakuna kati yetu anayeweza kuitazama muda mrefu.

Mkeo ndiye anayelipeleka tangazo hili. Alilisoma lote amesimama mlangoni, hakugusa neno, ila orodha ya majina. Nilikuwa nimemwandika mdogo wako mwisho kabisa, nikiona haya kulitaja jina lake mbele ya mkeo. Akachukua kalamu, akamtoa pale, akampandisha juu kuliko wote. Pale alipokuwa pakabaki wazi, nami nikajiandika.

Unakumbukwa na mdogo wako, wa tumbo moja nawe. Unakumbukwa na mkeo. Na binti zako wawili. Na shangazi yako, na shemeji zako wote. Na fundi wa mashine ya kusaga pamoja na mafundi wenzako. Na mama yako.

Hutatutoka moyoni, mwanetu, siku zote tulizobakiziwa.