Wimbo wa Baba Ndani ya Seva Isiyo na Skrini

Kaloleni, Nairobi, Alhamisi, Julai 1998

Baridi ya leo si ya kuchezea. Manyunyu tangu asubuhi, na nguo nilizoanika Jumatatu bado hazijakauka. Nimeketi jikoni na sweta mbili, naandika mbio mbio. Nikishindwa kuusoma mwandiko huu mwakani, nisimlaumu mtu.

Acha nianzie mwanzo. Nikianzia mwisho nitalia tena.

Jumapili hii kanisani kuna shukrani ya Baba na Mama, miaka thelathini na mitano ya ndoa. Kwa wengine shukrani ni keki na picha. Kwetu ni wimbo. Baba, karani wa reli aliyestaafu, amefundisha kwaya ya kanisa letu tangu kabla sijazaliwa, na siku nyingi alikuwa amemwahidi Mama wimbo wake mwenyewe, wa sauti nne. Februari alirudi kutoka ofisi ya kanisa, akaweka disketi mezani, akasema, "Mama Mutheu, nimemaliza. Lakini huuoni mpaka siku yenyewe." Mama akamwambia uzeeni ndiko ameanza maringo.

Machi kiharusi kikampiga.

Mkono wa kulia umelala hadi leo. Maneno nayo yamekwenda. Akitaka kusema, kinachotoka ni "eeh, eeh," na mara nyingine "hapana" pale anapotaka ndiyo, mpaka anajikasirikia mwenyewe. Daktari alituambia maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi. Kwa hivyo wimbo wa Mama haukuwa mahali pengine popote duniani ila kwenye ile disketi. Hawezi kuuandika upya, hawezi kuutaja. Mama hakuuliza hata mara moja. Lakini juzi juzi nilimkuta ameishika disketi, ameifungia kwenye karatasi ya nailoni kama kitambulisho, anaiangalia upande huu na upande ule.

Nikaapa kwamba Jumapili haifiki kabla sijautoa huo wimbo.

Shida ni kwamba Baba aliuandikia kwenye programu ndogo ya Windows ya kupanga nota za solfa, na faili zake hazifunguki kwa kitu kingine chochote. Kompyuta ya kanisa aliyoitumia iliungua Aprili, stima ilipopotea ikarudi kwa kishindo. Iliyobaki ni disketi ya programu, niliyoipata kwenye droo, na disketi ya wimbo. Mtu ataniuliza, kwani Windows zimekwisha Nairobi? Hazijaisha. Kazini ipo ya sekretari, lakini tangu virusi vilipokula barua za mwezi mzima, bosi alipiga marufuku disketi za nje, na bosi wetu hasemi mara mbili. Mjini nilizunguka saiba tatu, zile za kukodisha kompyuta kwa dakika. Mbili zina tangazo ukutani, disketi za wateja marufuku. Ya tatu kijana alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa. Kuweka programu asiyoijua, hapana, dada.

Nikabaki na seva yangu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha mabeseni huko mtaa wa Baba Dogo, na kazi yangu ni kuitunza mashine ya Unix inayoweka hesabu za oda na stoo. Haina skrini wala mausi. Ni boksi tu pembeni ya stoo, na mimi huongea nayo kutoka meza ya pili, kwa kioo cha maandishi ya kijani kisichojua kuchora picha. Haijui dirisha ni nini. Haishikwi na virusi vya Windows pia, kwa hivyo nilijiambia marufuku ya bosi haiihusu. Hapa si kanisani lakini naungama: sikumwuliza. Niliogopa angesema la.

Nilikuwa na sidii iliyokuja na gazeti la kompyuta, na ndani yake kuna programu ya bure inayozidanganya programu za Windows zidhani ziko kwao, kumbe ziko ndani ya Unix. Jumatatu, baada ya saa za kazi, nikaiweka. Ikakataa papo hapo. Programu ya Baba inataka kufungua dirisha, nami sina skrini ya kulifungulia. Jumanne nikaipa skrini ya uongo. Hiyo ni sehemu tu ya kumbukumbu ya mashine inayojifanya skrini. Programu inachora humo kila kitu, rangi na vitufe, na hakuna jicho linaloona.

Wafula, mtunza stoo, ambaye meza yake imegusana na yangu, alinisikiliza nikimweleza, akaweka kalamu chini. "Maze Mutheu, hiyo ni kompyuta ama ni mganga? Inaona vitu sisi hatuoni."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Naianzisha, kimya. Nasubiri dakika tano, kumi. Haisemi kosa, haisemi imemaliza. Naiua. Naianzisha tena. Jumanne na Jumatano nimeiua mara tisa, nikihesabu, na mara ya mwisho niliitukana kwa Kikamba, Mungu anisamehe, maneno ambayo Mama hajui ninayajua.

Leo saa ya chakula nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Chapati yangu iko kando imekuwa ngumu. Ndipo wazo likaja, la kijinga kwa udogo wake. Badala ya kuiua, kwa nini nisiitazame? Kuna amri ya kupiga picha ya ile skrini ya uongo. Nikaipiga, nikaituma kwenye printa.

Karatasi ikatoka. Katikati yake kuna kidirisha kidogo cha programu ya Baba, isiyoijua printa ya Unix, na maandishi yake ya adabu kabisa: printa haijaonekana, bonyeza OK tuendelee. Nyuma yake, mistari ya wimbo inachungulia.

Haikuwa imekufa hata siku moja. Ilikuwa inangoja mtu abonyeze OK.

Mara tisa, jamani.

Nikaandika programu fupi ya kuibonyezea Enter kwa mbali. Nikapiga picha nyingine. Ukurasa wa kwanza ukatoka mzima, kisha wa pili, sauti nne zimepangwa zikapangika, na juu kabisa, herufi za Baba: "Kwa Mama Mutheu." Nikakaa chini kwenye rundo la mabeseni. Wafula akaja akaichukua karatasi mkononi mwangu. Yeye ni mtu wa Bungoma, na sikuwa najua kwamba huko kwao kanisani anaimba besi. Akaangalia mstari wa chini, akajipa do, akaanza kuimba palepale stoo, "do, do, so, la," polepole, kidole kikifuata. Wimbo wa baba yangu nimeusikia mara ya kwanza kutoka kwa mtunza stoo, na kalamu nyuma ya sikio.

"Huyu mzee anajua kazi yake," akasema.

Sasa nyumbani. Nyumba yetu zamani ilikuwa haina utulivu. Kwaya ilifanyia mazoezi sebuleni kwetu, watu wamekaa mpaka kwenye mkono wa kochi, na Mama, ambaye ni sauti ya pili, aliimba hata akikatakata sukuma wiki. Tangu Machi hatuimbi. Wazee wa kanisa walisema mgonjwa apumzike, kwaya ikahamia jumba la mtaa. Mama naye akanyamaza. Kuimba mbele ya mwalimu wa kwaya asiyeweza hata kusema jina lake tuliona ni kama kula mbele ya mwenye njaa. Hata redio tulizima. Tulifanya hivyo kwa heshima, na kwa upendo. Miezi minne.

Nimefika saa kumi na mbili, nimelowa. Baba yuko kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa, blanketi magotini. Mama anapika. Nikampa karatasi bila kusema kitu. Akafuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akasoma juu, "Kwa Mama Mutheu." Halafu akasoma maneno.

Sidhani aliamua kuimba. Mtu aliyesoma solfa maisha yake yote haoni nota bila kuisikia. Ikamtoka tu, chini chini, sauti ya pili:

"Nikichelewa alinisubiri..."

Na kutoka kwenye kiti, besi:

"...chakula akakifunika."

Mwiko ulianguka. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyeimba. Baba alikuwa ametoa macho, amejishtua mwenyewe.

Mama akarudia mstari, sasa kwa sauti kamili, akimtazama. Na Baba akaingia tena, mahali pake hasa, maneno yote yakiwa mazima: "Chakula akakifunika, asante Bwana, asante." Upande mmoja wa mdomo umelegea, "s" inateleza, lakini ni maneno! Wakaenda mpaka mwisho wa ubeti. Mimi nimesimama mlangoni na viatu vya matope, nalia kama mtoto.

Mama akapiga magoti mbele yake. "Baba Mutheu, sema asante. Sema tu." Akajaribu. "Eeh. Eeh." Akapiga kiti kwa mkono wa kushoto, hasira. Mama akamshika ule mkono. Akafikiri kidogo, kisha akamwimbia, kwa sauti ileile ya mwanzo wa wimbo, "Baba Mutheu, nikupe nini?"

Ikachukua muda mrefu. Mara mbili nilifungua mdomo nimsaidie, Mama akanikanya kwa jicho.

"Chaaai," akaimba Baba.

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akacheka na kulia na kumwita majina ya ujana wao ambayo sitayaandika hapa. Chai! Miezi minne tumempa uji wa wimbi kila jioni kwa sababu tuliamua ndio unaomfaa, na akiusukuma tunasema maskini, hana hamu.

Sijui haya yatafika wapi. Nimemjaribu na maneno mengine, na mengi yanamkwama hata kwa kuimba. Labda daktari atatuambia ni kitu cha kawaida, labda atashangaa kama sisi. Lakini Mama ameshapita nyumba ya mwenyekiti wa kwaya, na kesho jioni watu wote wanarudi sebuleni kwetu. Jumapili Baba hataketi na wageni wa heshima. Ataketi na besi.

Sasa nimebaki peke yangu na hiki kikombe cha chai, na kuna jambo nataka kuliandika kabla sijapata sababu ya kuliacha. Kila jioni nikimtakia usiku mwema Baba hunishika kiganja. Huniangalia, "eeh, eeh," kwa bidii, shingo ikikakamaa. Nami humjibu, "Ndiyo, Baba. Sawa, Baba," nampapasa bega, naondoka. Si mara moja wala mbili. Kila jioni. Nimekubali mambo ambayo sijayasikia, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu ilikuwa inauma kumwona akihangaika.

Ndiyo, Baba. Sawa, Baba.

Kesho, kwaya ikishaondoka, nitavuta kigoda nikae karibu naye. Sina sauti. Watoto wote wa mwalimu wa kwaya waliimba isipokuwa mimi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenitoa kwenye kwaya ya watoto, kwa upole sana. Lakini kwa sauti hiihii ya kufukuza kuku nitamwimbia: Baba, kila jioni ulikuwa unataka kuniambia nini?

Halafu nitanyamaza mpaka amalize.