Ampli Aliyochagua Papa

Kisangani, Mangobo
Jumapili, kiisha misa

Kwa yaya Osée, mukubwa wangu,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta muzima, wewe na shemeji Émilie na watoto, na lile goti lako linalokusumbua mvua ikinyesha. Sisi huku tunapumua. Duka langu la vitambaa iko, maji ya mto yamepanda, samaki wa Wagenia wamepungua, donc hakuna jipya. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sauti ninazokutumia kwa simu unazikata katikati na kunijibu "ok petite". Vicky, jirani yetu, anapanda ndege kesho kuja Kinshasa. Nimemwambia akuwekee barua mkononi na asiondoke mpaka uifungue.

Umeniuliza utume ampli gani ya kupaza sauti katika bafle za papa. Nitakujibu, lakini kwa njia yangu.

Bafle zenyewe unazikumbuka: zile spika mbili za mbao za wakati wa bar yetu, zenye midomo mipana kama ya tarumbeta, ambamo ulikuwa unaficha viatu vyangu. Tangu ampli yao iungue na bar kufungwa, zilikuwa depot, chini ya magunia ya mchele. Mwezi uliopita papa akazitoa, akazipangusa, akazipanga uani, moja kila upande. Akasema anataka ampli ya lampes, ile ya taa za kioo kama ya zamani, siyo haya masanduku ya sasa. Nikauliza kuna sikukuu gani. Akasema itakuwapo. Unamjua papa, akarudi kupangusa.

Wa kwanza kuleta alikuwa Constant. Ndiyo, ndugu yetu Constant, usikunje uso. Aliazima ampli ya orchestre ya kanisa lao, kitu kizito cha kubebwa na watu wawili, lampes nne kubwa kila upande. Courant ya umeme ilikuwa imekatika, akawasha groupe ya mafuta, akangoja lampes zipate moto. Kabla hajaweka muziki wowote, bafle zikaanza kuvuma zenyewe. Yaya, mungurumo wote wa groupe ulitokea katika ile midomo. Mama Lydie wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama kuna lori uani kwetu. Constant akasema tungoje apandishe muziki, mvumo utafunikwa. Hiyo ndiyo dawa yenu ninyi wawili kwa kila jambo. Papa akamwomba azime.

Tukamwita fundi Hemedi, wa kule karibu na msikiti, anayetengeneza redio na kuongea kuliko redio zenyewe. Alitueleza kwamba bafle za midomo hazifanani na hizi za siku hizi. Zinaamka kwa nguvu kidogo tu, kwa hiyo ukizipa ampli kubwa zitakutolea hata kelele usizozitaka. Kwanza utafute ampli iliyo kimya. Maneno mazuri. Kiisha akatuletea ya kwake mwenyewe, ya lampes mbili kila upande, akaisifu kama mutu anayeozesha binti. Na kweli, ilikuwa nzuri. Mvumo hakuna, besi nono, mimi nilicheza kidogo na majani yangu ya pondu mkononi. Kwangu kazi ilikuwa imekwisha.

Papa hakucheza. Alichukua viti viwili, akaviweka katikati ya bafle, vimetazamana. Akamkalisha Hemedi kimoja na mimi kingine, akatuambia tuongee. Nikauliza tuongee nini. Akasema chochote, ila tusipandishe sauti. Yeye akawa anazunguka nyuma yetu, anageuza kifundo cha sauti cha ampli, anarudi, anatega sikio. Hemedi akaanza kunieleza matatizo ya mke wake wa pili. Muziki ukapanda kidogo, nikamwomba Hemedi arudie alichosema. Hapo hapo papa akainua mkono: hii haifai. Hemedi aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilifikiri muzee wetu ameanza kupotea akili, na sikufichi, niliogopa.

Ya tatu Hemedi aliileta kwa hasira. Kitu kidogo, hakipiti birika ya chai, lampe moja tu kila upande, alichokijenga kwa vipande vya redio ya zamani iliyotoka Isangi. Alisema ni ya mutu kusikiliza peke yake chumbani, haitafika hata barabarani. Besi iko dhaifu, nakubali. Lakini mwimbaji alisikika kama amekaa nasi kwenye mkeka. Tukarudi kwenye viti vyetu. Hemedi akanimalizia habari za mke wa pili mpaka mwisho, na nilisikia kila neno, pole yangu. Papa alisimama nyuma yetu wimbo mzima. Kiisha akasema, "Ni hii." Hemedi akalalamika kwamba siku ya watu wengi majirani hawatajua hata kama kuna kitu kwetu. Papa akasema watakaotaka kujua wataingia uani.

Bon. Sasa soma polepole.

Hemedi alipoondoka nilimuuliza papa ni siku gani hiyo ya watu wengi. Akanijibu huku anakunja waya, bila kubadilisha uso. Ni matanga yake. Ini limeharibika. Daktari alimwambia tangu kabla ya mvua kuanza, na amemwambia pia kwamba hakuna la kufanya tena ila kupunguza maumivu. Nimekwenda mwenyewe kumwona daktari, amenirudilia yale yale. Papa hataki kupelekwa Kinshasa wala kokote. Alinikataza nisikuambie. Nililia jikoni, nikanawa uso, nikarudi kumsaidia kukunja waya.

Nikamuuliza kwa nini mutu mwenye habari kama hiyo anajisumbua na ampli. Yaya, hapo aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinikumbusha matanga ya mama. Wewe ulikodi bafle zako, Constant naye akakodi za kwake, mkazipanga zinatazamana, kila mmoja anataka avenue nzima ijue nani anamlilia mama zaidi. Waliokuja kutoa pole walitupigia kelele masikioni. Mlikuwa na jambo la kuambiana, lile la nani alichelewa kumpeleka mama hospitali, na hamkuambiana. Ukapanda ndege. Hamjaongea tangu siku ile.

"Siku ya mama yenu hakuna mutu aliyesikia mwenzake," papa akaniambia. "Kwa yangu mutasikilizana. Osée atakaa kiti hiki, Constant kile."

Constant nimemwambia jana. Alikwenda uani, akakaa kwenye kiti chake muda mrefu mbele ya kile kilicho tupu. Kiisha akaniuliza kama utakuja. Nikamwambia nitakuandikia, akaenda zake bila kula.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: usitume ampli. Njoo mwenyewe. Na usingoje siku yenyewe, yaya, nakuomba. Viti viko uani, na papa bado anaweza kuchukua cha tatu akakaa katikati yenu.

Umsalimie sana shemeji Émilie, uwabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Papa anakusalimia, ingawa hajui nakuandikia. Anafikiri nafanya mahesabu ya duka. Hapa kando yangu amewasha ile ampli ndogo, na ninamsikia anavyopumua.

Mdogo wako,
Odile