Mama, Yusta Alikuwa Anapima Asali

Mpendwa Mama,

Jumatano ya wiki ya kwanza ya Julai nilipoteza mtoto, na aliyenichukulia ni wewe. Nilikwenda mnadani Kibondo na ndoo nne za asali. Niliporudi Kitahana jioni nikamkuta Editha kwa jirani, anakula muhogo, peke yake. "Dada ameenda na Bibi, kusoma shule ya kweli," akaniambia. Mlikuwa mmeshafika Kasulu, mnatafuta gari la kwako Muyama. Baba yao ulimuaga kwa simu, akadhani tumekubaliana. Mimi hukuniaga.

Naandika wazi, anayetaka kusoma asome, kwa sababu upande wako umeshausimulia kanisani, na mimi nikipiga simu mtandao unakuwa mbaya.

Umesema mwanangu hana adabu. Haya, tuanzie hapo. Jumanne ulipofika ulitukuta uani. Yusta alikuwa anapima asali. Kazi yenyewe ni hivi: unatoboa tundu dogo kwenye kitako cha kopo, unajaza asali, unahesabu mpaka kopo liishe. Asali safi inachelewa, iliyotiwa maji inawahi. Ukikatisha hesabu, unaanza upya. Ndivyo ninavyowafundisha, hesabu na sayansi kwa mkupuo mmoja, kwa kitu wanachokishika. Wewe ukasimama mbele yake, mikono imekutana, ukisubiri apige magoti na makofi, akuulize habari za usiku, za nyumba, za mifugo, mpaka ziishe, kama tunavyosalimiana sisi Waha. Akakutazama, akasema, "Bibi, subiri kidogo. Niko mia na sita."

"Kwani hiyo asali ina miguu?" ukamuuliza.

"Ikiwa na maji inayo, Bibi. Mia na kumi na mbili."

Nilicheka, na najua kicheko kile umekiweka moyoni. Lakini mbona kilichofuata hukukisimulia? Kopo lilipoisha mtoto alifuta mikono, akapiga magoti, "Mwakeye, Bibi," kwa Kiha kilichonyooka, na makofi yake yote, mpaka ng'ombe aliyezaa kwa mjomba akaulizwa hali. Alikuchelewesha, Mama. Hakukunyima.

Na shule unayoiita ya kweli alikwenda, miaka miwili. Sikio lake la kushoto halisikii tangu lilipougua likatoka usaha. Wewe ndiye ulikuwa unalisafisha. Nilikwenda nikasimama mlangoni mwa darasa, nikahesabu: watoto mia na kumi na wanne, mwalimu mmoja, na Yusta yuko ukutani nyuma kabisa. Mwalimu simlaumu, hata ningekuwa mimi ningeshindwa. Lakini alimaliza darasa la pili hajui kusoma jina lake. Nyumbani amekaa miezi kumi na mmoja, na sasa anasoma chochote kilichoandikwa, hata mifuko ya saruji. Mtihani wa darasa la nne ataufanya na wenzake, mwalimu mkuu tumeshakubaliana. Sijamficha mtoto. Huko kwako, umemwambia mwalimu amkalishe upande gani?

Nashangaa kwa sababu mwalimu wangu wa kwanza ulikuwa wewe. Ulinipa punje ya haragwe, "Ng'ata. Ikilia imekauka, ikinata jino irudishe juani." Ulinitandikia nyungo tatu, wa mbegu, wa kula, wa kuuza, ukaniambia nigawe debe zima bila kukuuliza. Theluthi niliijua kwenye ungo kabla sijaiona ubaoni. Halafu nikiwa la nne ukanitoa. "Msimu mmoja tu, mwanangu, maharage yataoza." Ikawa misimu mitatu, na dawati likapata mwenyewe. Niliumia, na bado inauma, ila sikukaa chini kulia. Nilianza na mizinga miwili, leo nina thelathini na mmoja, na hakuna aliyenipa hata mmoja.

Siku pekee uliyopokea simu ulisema, "Wewe nilikutoa shule. Huyu sikubali atolewe." Maneno hayo sijayamaliza kuyatafuna. Mama, mimi nilitolewa ili nifanye kazi. Yusta yuko nyumbani ili asome. Mtu akitazama uani kwangu kutoka barabarani ataona kilekile cha zamani, mtoto na ungo juani. Lakini wewe si mtu wa barabarani. Kama una la kunilipa, nilipe mimi. Nina miaka thelathini na minne, nipo, naona. Usinilipe kwa kumchukua mwanangu.

Na nikuambie ukweli, nyumba imepooza. Editha anajaza kopo mwenyewe sasa. Akifika ishirini na tisa anakwama, anageuka, "Dada, halafu?"

Najua husomi. Barua hii usimpelekee katekista. Mpe Yusta akusomee, yote, na mahali ninapokusema vibaya asiruke. Ukimsikiliza mpaka mwisho utajua mwenyewe kama miezi kumi na mmoja ilipotea.

Kisha unijibu neno moja: unamrudisha, au humrudishi? Sitaki "tutaongea," sitaki "tumwombe Mungu," wala usimtume mjomba. Jibu linifike kabla ya Ijumaa adhuhuri. Jumamosi alfajiri nitakuwa kwenye gari la Kasulu, na nauli niliyotenga ni ya mtu mmoja kwenda na watu wawili kurudi. Kama ni ndiyo, sema ndiyo, nije nikusalimie kama mwanao. Kama ni hapana, piga simu uiseme kwa mdomo wako mwenyewe, Ijumaa, kabla ya saa sita.

Mwanao akupendaye, ambaye safari hii hanyamazi,
Mama yao Yusta na Editha