Sikuiba Dizeli, Mawe

Kasulu, Jumapili mchana

Mawe, mama yangu mpendwa,

Amahoro, amani kwako. Habari za hapo Mishamo, na mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, au umempa jirani tena? Mimi ni mzima, nakula, nasali. Leo sina safari, nimekaa barazani kwa mama mwenye nyumba wangu nikuandikie. Najua kaka Feliksi alishakupigia simu akakwambia nimefukuzwa kazi kwa wizi wa dizeli. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana inakatika katikati ya neno ukabaki na nusu ya habari. Katekista akusomee hii polepole, asiruke kitu.

Sikuiba, Mawe. Ilikuwa hivi.

Unajua naendesha lori la Mzee Gervas, tajiri mmoja wa hapa Kasulu, nabeba maharage kutoka Kitanga kwenda Kibondo. Tangu mvua zilipoanza, lori likawa linanuka dizeli ndani ya kebini. Nikifika Kibondo kichwa kinagonga, macho yanawasha, na kitenge changu kinanuka kama nimekifulia ndani ya tenki. Nikamwambia tajiri. Akalipeleka kwa Erasto, fundi wake wa siku zote. Erasto akabadilisha filta, akakaza mfuniko wa tenki, akawasha injini palepale gereji na kunusa.

"Hakuna kitu hapa," akasema. "Dereva apunguze pua."

Wanaume wakacheka. Nikaendelea na safari, vioo wazi, nalowa mvua.

Halafu tajiri akaona dizeli inaisha mapema kuliko zamani. Asubuhi moja nikamkuta kwenye maegesho ya malori, amesimama na Erasto na madereva wenzangu. Hata salamu yangu hakuitikia.

"Konsolata, madumu unayaficha wapi?"

"Madumu gani, mzee?"

"Unanyonya dizeli yangu unauza njiani. Ndiyo maana kebini inanuka, madumu unayaweka nyuma ya kiti."

Nikamfungulia milango yote miwili atafute. Akatafuta, hakuona kitu. Akasema basi nimeshayauza. Ndipo akatamka lile neno, kwa sauti, watu wote wanasikia: "Ninyi wakimbizi hamshibi."

Nilikukumbuka wewe siku ile uliyopewa cheti cha uraia, ukaacha kuitwa mkimbizi, ulivyokishika kwa mikono miwili. Nikamjibu: "Mimi Mtanzania kama wewe, mzee. Na hata ningekuwa mkimbizi, mkimbizi siyo mwizi. Nipe safari moja, ukae kando yangu, nikuonyeshe dizeli yako inakokwenda. Nisipokuonyesha, nipeleke polisi mwenyewe."

Akaninyang'anya ufunguo. Hapo ndipo Feliksi alipoishia kusikia.

Sikubaki nyumbani kulia. Kila asubuhi nilivaa buti zangu za kazi nikaenda kukaa palepale maegesho, anione. Lori alimpa Zebedayo, dereva mtu mzima ambaye hana maneno mengi. Alikwenda Kibondo mara moja tu, akarudi anatapika. Akamwambia tajiri nikiwa nasikia: "Mzee, lori lako linanuka. Na mimi madumu sina." Akamrudishia ufunguo. Mzee Gervas akauzungusha kidoleni, akanitazama, akanirushia.

Mimi nilikuwa nimeshawaza sana. Erasto alilinusa lori likiwa limesimama, tupu. Mimi nilikuwa naipata harufu nikipanda mlima na mzigo. Basi nikaosha injini yote kwa sabuni, nikaikausha kwa matambara, kisha nikainyunyizia unga wa muhogo kila upande, maana unga mkavu hauwezi kuficha tone. Erasto akauliza kama napika ugali. Nikaendelea kunyunyiza.

Tukapakia, tukaondoka, tajiri kando yangu na vioo vimefungwa. Tambarare hakuna kitu. Mlima wa kwanza mrefu, injini ikaanza kuvuta, na harufu ikaja. Mzee Gervas akakohoa, akataka kufungua kioo. "Ngoja, mzee," nikamwambia, "inuse vizuri." Tulipofika juu nikasimama, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikainua kebini.

Unga ulikuwa mweupe kote, isipokuwa mstari mmoja umelowa nyuma ya injini, chini ya kampira kadogo kanakorudisha kwenye tenki dizeli inayobaki kwenye nozeli za kupuliza mafuta. Ukikatazama kwa juu, ni kazima. Nikakakunja kwa vidole, upande wa chini pakafunguka ufa, mahali kanaposuguana na chuma. Injini ikivuta na kutikisika, ufa unaachia, dizeli inadondokea bomba la moshi lenye moto, na moshi wake unapenya kwenye tundu la gia lililochanika mpira. Nikamwonyesha tajiri. Akapaka vidole, akanusa.

Halafu unajua alisema nini? "Funga kipande cha tyubu twende, mzigo unasubiriwa."

"Siendi."

"Lori la nani hili?"

"Lako, mzee. Roho ni yangu. Dizeli itakula hiyo tyubu kabla hatujafika, na bomba hili siku moja litawasha moto tukiwa ndani."

Nikatia ufunguo mfukoni, nikakaa kwenye jiwe. Akafoka hadi akachoka. Mwisho akapanda bodaboda kurudi Kasulu, akaja na Erasto pamoja na mpira mpya wa dizeli na klipu zake. Erasto akanyoosha mkono aanze kazi. Nikamwambia anishikie spana. Nikafunga mpira mpya, nikaupitisha mbali na kile chuma, nikaziba tundu la gia, nikafuta kila kitu, Erasto akarudi zake na bodaboda. Mlima uliofuata nikasimama tena kukagua. Pakavu kabisa. Tukaingia Kibondo vioo vimefungwa, tunavuta hewa safi.

Kibondo, tukiwa wawili tu, Mzee Gervas akaniambia taratibu, "Kesho endelea na kazi."

Nikamwambia, "Ulinitukana maegesho, mbele za watu. Kayafute maneno yako palepale."

Akakasirika. Tuliporudi Kasulu nikamkabidhi ufunguo wake. Lori lilikaa siku tatu halina dereva. Zebedayo alikataa kulipanda mpaka nisafishwe jina, na wengine wakamfuata. Siku ya nne tajiri akaja pale maegesho, watu wamejaa, akasema, "Konsolata hakuiba. Lori ndilo lilikuwa bovu."

"Na lile neno jingine?" nikauliza.

Akageuka, nikadhani ataondoka. "Na lile neno halikuwa zuri," akasema, akitazama chini. Ndipo nikapokea ufunguo.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, shangazi wa kwaya, na wifi yangu anayekutekea maji, Mungu amlipe. Feliksi akija, asomewe barua hii mara mbili. Na wewe Mawe, najua ukimaliza kusikia utapiga magoti. Niombee safari, niombee afya. Lakini usiniombee nimsamehe yule mzee haraka. Bado nina hasira, na hasira hii ni haki yangu, nimeitolea jasho.

Wako uliyemnyonyesha,
Konsolata, dereva