Chupa Mbili za Mawese

Mwajuma, huna haya! Eti unaniuliza kama niliwahi kujiuliza kwa nini mawese yakipoa hujitenga, mekundu juu, mazito chini? Unadhani macho mligawiwa nyinyi wa chuo peke yenu?

Hapa Ujiji hatujambo, babu yako anakohoa tu.

Nikiwa msichana kule Simbo nilijaza chupa mbili mawese ya moto. Moja niliitia majini ipoe haraka, nyingine nikaiacha ipoe polepole, nione ipi itajitenga vizuri. Mama akazimimina zote kwenye maharage. “Mafuta ya kula haya, si ya kutazama!”

Leo wewe maabara inakulipa uyatazame, wala hufokewi. Wivu ninao, sikufichi.

Basi jaza chupa mbili kama zangu, mtu asiziguse, halafu unipigie simu uniambie zimekuwaje.

Bibi yako