Nimemficha Wifi Kitabu cha Mlinda Lango

Mshauri mpendwa, naomba msaada, si mahubiri. Mimi ni fundi cherehani, na kila Jumapili mchana tunasogeza vitambaa pembeni, mimi, wifi yangu na fundi umeme wa jirani, tunacheza mchezo wa dadu juu ya meza ya kukatia, mimi nasimulia safari, wao ndio mashujaa, dadu inaamua nani anapona, na miaka miwili sasa wananisifu, wifi akiuliza, "Wifi, hicho kichwa chako kina nini?", nami nazipokea sifa, kumbe safari nzima, kuanzia jini wa chumvi hadi yule mzee mlinda lango ambaye wifi alimkingia ngao mchezoni, akapona, na mpaka leo mzee anawapikia njiani, nimeichota kwenye riwaya ya fantasia ninayoificha chini ya marobota ya bitana. Sasa wifi kanogewa, anataka riwaya inayofanana na mchezo wetu, nikampa nyingine, nene kama tofali, ramani tatu na kurasa arobaini za nasaba za wafalme kabla mtu hajachomoa upanga, nikaapa hakuna bora zaidi, akaisoma yote, akairudisha, "Wifi, humu wanahutubia tu, hamna hata mmoja ningetaka kukaa naye," kisha mkutubi akamtajia ile ile yangu, ataiazima Ijumaa! Mume wangu anasema nikiri. Nikiri nini? Nani aliyewachekesha miaka miwili, mwandishi? Sioni aibu hata chembe. Ila wifi akiacha kuja, meza ile nitaitazamaje?

Fundi wa Bitana

Wewe Fundi, kiburi chako nakipenda, uongo wako hapana. Kuchota safari kitabuni si dhambi, wasimuliaji wa mchezo huo wote wanachota, na anayekana mkague kabati. Kosa lako ni kumtwisha mwenzio tofali makusudi, naye akalibeba mpaka mwisho kwa kukuamini. Hilo utaliombea radhi, tena kwa mdomo, si kwa kumshonea gauni.

Ile nene si mbaya, ni ya mtu anayependa ramani na nasaba. Mpe fundi umeme, kufuata nyaya ndiyo kazi yake. Wifi yako anapenda watu, kwa hiyo inamfaa hiyo hiyo unayoilalia. Naijua, jini wa chumvi hafichiki. Na wewe unajua fika kwamba kitabuni mlinda lango anakufa sura ya tisa, mistari miwili, kwisha. Kwenu yuko hai. Nani kamwokoa, wewe au mwandishi? Wifi yako! Unapoficha kitabu unamnyima sifa yake mwenyewe.

Alhamisi, kabla ya mkutubi, mpelekee kwa mkono wako, omba radhi ya lile tofali, mwambie, "Nilianzia hapa," halafu funga mdomo. Akifika sura ya tisa atalia, atakasirika, pengine atakununia. Mwache. Jumapili panga viti vitatu kama kawaida. Atakuja, hata kama ni kuhakikisha tu kwamba mzee bado anapika.